Hadithi Iko Mikononi: Niliyojifunza Kwenye Gemu za Visa na Miwani ya VR

Yule mdogo amesimama ukingoni mwa maji, dhoruba inapiga, na hataki kuingia. Nasukuma kijiti cha kulia, anasogea hatua moja, anasita. Nasukuma tena, anasita tena.

Gemu yenyewe ni Brothers: A Tale of Two Sons, iliyotoka mwaka 2013. Ndugu wawili wanasafiri kutafuta dawa ya baba yao anayeumwa. Kwa saa zote nilizokuwa nimeicheza, mkono wangu wa kushoto ulikuwa kaka mkubwa na mkono wangu wa kulia ulikuwa mdogo wake. Ndivyo inavyochezwa: kila ndugu ana kijiti chake na kifyatuo chake, kitufe cha kubana kwa kidole, kwenye pedi ya kuchezea unayoishika kwa mikono miwili, na wewe unawaendesha wote wawili kwa pamoja. Mdogo anaogopa maji kwa sababu mama yao alizama, kwa hiyo kila wakifika penye kina kaka humbeba mgongoni. Sasa kaka amekufa. Mdogo amemvuta mpaka kaburini na kumfukia udongo, na kila rundo la udongo nimelisukuma kwa kidole changu cha kulia. Mkono wa kushoto umekaa tu juu ya pedi, hauna kazi tena.

Nikabaki namtazama mtoto na maji. Sijui nilikaa muda gani. Kisha kidole cha kushoto, kabla sijakituma, kikabonyeza kifyatuo cha kaka. Mtoto akaingia majini akaanza kuogelea.

Niliweka pedi chini nikalia. Nimewahi kulia kwa ajili ya filamu, lakini huko nilikuwa namlilia mtu mwingine. Hapa mkono wangu mwenyewe ndio uliokuwa umefiwa, na mkono wangu mwenyewe ndio uliogundua kwamba kaka bado yumo. Mwandishi wa kitabu angeweza kuniandikia sentensi nzuri sana kuhusu ujasiri tunaoachiwa na waliotutangulia. Gemu hii haikusema neno, iliniachia kifyatuo.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kuruka. Nilikulia kwenye gemu za mpira na za kupigana, na video yoyote iliyokatiza mchezo niliiona kizuizi, nabonyeza kitufe mpaka ipite. Hadithi kwangu ilikuwa mali ya filamu. Bado naona msimamo ule ulikuwa na haki yake. Gemu nyingi zinazojiita za hadithi ni filamu za wastani zilizokatwa vipande, na katikati ya kipande na kipande umewekewa watu wa kuua. Unapiga risasi watu mia, halafu video inaanza na mhusika wako anamlilia mmoja kwa kwikwi. Mikono yangu imefanya hivi, mdomo wake unasema vile, na mimi nimebaki katikati simwamini.

Tangu siku ile kila gemu ya hadithi naiuliza swali moja: wakati mambo yanapobadilika, mikono yangu inafanya nini? Kama jibu ni kwamba imelala mapajani inasubiri video iishe, basi nataka sababu nzuri sana.

Jambo jingine kuhusu Brothers, na hili nalisema kwa wanaocheza gemu ambazo hazikuandikwa kwa lugha yao: wahusika wanazungumza lugha ya kubuni. Haipo popote duniani. Mchezaji wa London na mchezaji ambaye hajawahi kusikia Kiingereza wanaanza sawa, wote wanasoma mabega, mikono na sauti inavyopanda na kushuka. Miaka mingi nimesoma maandishi ya chini kwa kukimbizana nayo, jicho moja kwenye maneno na jingine kwenye adui. Kule nilipumzika, na ndipo nilipoona ni kiasi gani cha hadithi kilikuwa kikinipita.

Gemu iliyonitesa zaidi kwa njia hii ni Red Dead Redemption 2, ya mwaka 2018. Unamcheza Arthur Morgan, jambazi katika genge linalozidi kuishiwa mahali pa kujificha. Mapema kabisa anatumwa kudai madeni, na mmoja wa wadaiwa ni mkulima aitwaye Thomas Downes, mtu dhaifu anayekohoa. Nilibonyeza kitufe cha kupiga. Nikabonyeza tena. Yule mkulima akamkoholea Arthur damu usoni, mkewe akatoka analia, nami nikapanda farasi nikaondoka kwa sababu kwenye ramani kulikuwa na alama nyingine ya njano inanisubiri. Niliiona kazi ndogo. Kusema kweli niliisahau.

Zilipita saa nyingi mno za kuwinda, kuvua samaki, kuiba treni na kucheza karata. Ndipo Arthur akaanza kukohoa. Akaanguka barabarani mjini, daktari akampima, akamwambia ni kifua kikuu. Sikuhitaji kukumbushwa kimetoka wapi. Nilirudi kichwani moja kwa moja mpaka kwenye ua wa yule mkulima, na kilichonirudia kilikuwa kile kitufe, jinsi nilivyokibonyeza bila kufikiri. Kuanzia hapo Arthur anakonda, uso unapauka, macho yanaingia ndani, na wewe ndiwe unayemvisha, unayemlisha, unayempandisha farasi. Ningeambiwa tu kwamba aliwahi kumpiga maskini mmoja, ningemhukumu. Kwa kuwa nilimpiga mimi, ilibidi nibaki naye mpaka mwisho.

Nisimulie na lile nililolikosea, kwa sababu limenibadilisha namna ya kucheza. Life Is Strange ilitoka kwa sehemu 5 mwaka 2015. Max, mwanafunzi wa upigaji picha, anagundua kwamba anaweza kurudisha muda nyuma. Ukisema neno baya, unabana kifyatuo cha kushoto, dunia inarudi, unasema jingine. Baada ya saa chache unazoea. Nilirudisha muda hata kwa mambo ya kipuuzi, ili tu nisikie majibu yote.

Katika sehemu ya pili kuna msichana mpole aitwaye Kate, anayedhihakiwa na shule nzima. Anampigia Max simu wakati Max ameketi mezani na Chloe, rafiki yake wa utotoni, na Chloe hataki mazungumzo yao yakatizwe. Sikupokea. Na mapema zaidi siku hiyo, nilipofika chumbani kwa Kate, sikuangalia vizuri. Niliona picha za familia na Biblia na mapazia yaliyofungwa, nikachukua nilichoagizwa nikatoka. Mwisho wa sehemu hiyo Kate yuko juu ya paa la bweni, na uwezo wa Max umekwisha. Hakuna kurudisha. Kate anasikiliza kila unachomwambia, anauliza, na mwenye kitu cha kumjibu ni yule aliyeitazama familia yake ukutani na kuusoma mstari aliokuwa akiusoma. Mimi nilikisia. Nikakosea. Kate akajitupa.

Kidole changu kilikuwa kimebana kile kifyatuo kwa nguvu zote na hakuna kilichotokea.

Ningeweza kuianza sura ile upya, gemu inaruhusu. Sikuianza. Niliona nikifanya hivyo nitakuwa nimejifunza kupita kwenye gemu tu, na gemu ilikuwa inaniambia jambo kuhusu simu nisiyoipokea. Nikaendelea na dunia isiyo na Kate mpaka mwisho. Tangu hapo nikiingia chumba chochote kwenye gemu nakitazama chote: rafu, picha, barua, viatu mlangoni. Wenzangu nikicheza nao mtandaoni wananihimiza tusonge mbele. Wananivumilia.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaopima gemu za hadithi kwa idadi ya miisho. Nilipocheza The Walking Dead ya mwaka 2012, ile ya Lee na mtoto Clementine, kuna mahali unalazimika kumwokoa mmoja kati ya wawili, Doug au Carley. Nilimwokoa Carley. Niliporudia kucheza nikamwokoa Doug, nikagundua kwamba yeyote utakayemwokoa hafiki mbali: sehemu ya tatu inamwondoa. Wengi waliliita jambo hilo udanganyifu. Kwamba unaonyeshwa njia mbili ambazo zinakutana mbele. Mimi siku ya kwanza sikujua zinakutana. Nilikuwa na sekunde chache, nilichagua, na aliyekufa alikufa akinitazama. Kilichofuata hakiwezi kuufuta ule muda. Hata maishani, mambo mengi tunayoyaamua kwa uchungu yanafika palepale, na bado ni sisi tulioyaamua. Maandishi madogo yaliyokuwa yakitokea pembeni, kwamba Clementine atalikumbuka hilo, yalinifanya nipime maneno mbele ya mtoto wa kuchorwa kuliko ninavyopima mbele ya watu wengi wazima.

Ila mjadala huu una mpaka. Gemu ikinitangazia kwamba kila uamuzi wangu utabadilisha dunia, halafu isibadilishe kitu, hapo nina haki ya kukasirika, maana ahadi waliitoa wao, sikuibuni.

Nataka kutaja kipande kimoja zaidi kabla sijafika kwenye miwani ya VR, ile unayovaa machoni ukajiona uko ndani ya gemu, kwa sababu ndicho kilichonipeleka huko. Katika What Remains of Edith Finch, ya mwaka 2017, unaishi siku za mwisho za watu wa ukoo mmoja. Mmoja wao, Lewis, anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Kwa kijiti cha kulia unamchukua samaki, unampeleka kwenye kisu, unakata kichwa, unamrusha juu kwenye mkanda. Samaki mwingine. Mwingine. Wakati huohuo kijiti cha kushoto kinamtembeza mtu mdogo katika ufalme ambao Lewis anauwaza ili siku iishe. Mwanzoni ufalme ni kona ndogo ya skrini. Unakua. Unapata rangi, muziki, majumba, msafara wa meli. Unafika kuijaza skrini yote, na mkono wa kulia bado unakata samaki, na hauangalii tena. Nilipogundua kwamba sikumbuki samaki wa mwisho nimemkata lini, nilipata baridi mgongoni. Mtu anaweza kueleza kwa kurasa nyingi jinsi akili inavyohama mwili unaofanya kazi moja siku nzima. Pale niliielewa kwa vidole viwili.

Nikawaza: kama vijiti viwili vya plastiki vinaweza kufanya hivi, itakuwaje mikono yenyewe ikiingia ndani?

Wazo la kuvaa picha machoni ni la zamani kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, alishatengeneza kifaa cha kuvaa kichwani, kizito kiasi kwamba kilining'inizwa kutoka juu. Kwa sisi wachezaji mambo yalifunguka mwaka 2016, zilipotoka Oculus Rift na HTC Vive, kisha PlayStation VR mwezi Oktoba. Mimi nilingoja miwani isiyohitaji waya. Nilipoipata nilifanya kosa la wengi: nilitafuta ukubwa. Nilitaka majabali, vita, kukimbia, kuruka kutoka ghorofani.

Gemu ya kwanza niliyoichagua ilikuwa ya kukimbia na kufyatua risasi, na sitaitaja kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nilicheza nimesimama. Dakika ya kumi jasho jembamba likanitoka juu ya mdomo na mate yakanijaa. Nikajiambia nitazoea, nisonge tu. Dakika ya ishirini nilikuwa nimelala sakafuni nimeshika zulia kwa mikono miwili, chumba kinazunguka, na miwani bado iko usoni kwa sababu niliogopa kuinua mkono kuivua. Siku tatu baadaye harufu ya sponji ya miwani ilitosha kunigeuza tumbo.

Sababu yake niliijifunza baadaye. Ndani ya sikio kuna mirija yenye majimaji inayoiambia akili kama mwili unasogea au umetulia. Macho yanasema unakimbia, sikio linasema umesimama, na akili ikipokea habari mbili zinazogongana huitikia kwa kichefuchefu. Ndiyo maana Rift na Vive zilionyesha picha 90 kila sekunde: picha ikichelewa nyuma ya kichwa hata kidogo tu, mgongano unazidi. Na jingine ambalo hakuna aliyeniambia ni umbali kati ya mboni za macho. Nilisimama mbele ya kioo na rula puani, nikapata milimita 67. Miwani yangu ilikuwa na nafasi 3 za lenzi, milimita 58, 63 na 68, na tangu niitoe kwenye boksi ilikuwa kwenye 58. Nilikuwa natazama dunia nzima kupitia kingo za lenzi.

Kwa anayeanza, nasema kwa uzito wote: jasho la kwanza likitoka, vua. Kuvumilia hakukuzoezi, kunaufundisha mwili kuichukia miwani. Kaa kitini. Washa feni ikupulize usoni, upepo unaukumbusha mwili uko wapi. Kwenye mipangilio chagua kugeuka kwa vipande badala ya kugeuka kwa mserereko, na chagua kuruka kutoka pointi hadi pointi badala ya kutembea kwa kijiti, mpaka mwili wenyewe ukuruhusu. Mimi nilianza upya kwa dakika kumi kwa siku, na ilinichukua wiki kadhaa.

Kilichonirudisha ni Lone Echo, ya mwaka 2017. Unakuwa Jack, roboti anayemsaidia nahodha Olivia Rhodes kwenye kituo cha uchimbaji karibu na Zohali. Hakuna mvutano wa ardhi, kwa hiyo hutembei: unashika ukingo wa mlango, bomba, mgongo wa kiti, unajivuta na kuachia, unaelea. Niliogopa kwamba kuelea kutanimaliza. Haikuwa hivyo. Mkono wangu ndio ulionisukuma, nilijua ninakokwenda kabla sijaenda, na tumbo likatulia. Na hapo ndipo swali langu la zamani lilipopata jibu ambalo sikulitarajia: mwili wenyewe unakubali hadithi pale mikono inapohusika, na unaikataa pale inapobebwa kama mzigo.

Halafu nikacheza Half-Life: Alyx, iliyotoka Machi 2020, na mpaka leo sijaona gemu ya miwani inayoifikia. Watu husifu vita vyake. Mimi nakumbuka chupa. Kuna sura ndani ya kiwanda cha zamani cha vodka ambako anazurura kiumbe aliyepewa jina la Jeff. Haoni, lakini anasikia kila kitu, na kumuua kwa risasi haiwezekani. Hewa imejaa vumbi la ukungu linalomfanya Alyx, mhusika unayemcheza, akohoe, na njia moja ya kuzuia kikohozi ni kuziba mdomo. Mdomo wako, kwa mkono wako. Kwa hiyo umefunika mdomo kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia unafungua mlango wa kabati taratibu, na juu ya kabati kuna chupa inaanza kuinama. Una mkono mmoja tu. Ukiidaka chupa, kikohozi hakitoki, lakini mlango umeuachia. Ukiutoa mkono mdomoni, unakohoa. Nilidaka chupa ile hewani nikabaki nimeishika, sipumui kabisa, chumbani kwangu, na Jeff akapita karibu kiasi cha kumgusa.

Hakuna majabali pale. Ni korido, kabati na chupa. Niligundua kwamba miwani haiongezi ukubwa wa mambo. Jabali kwenye VR ni picha ya jabali, unalitazama dakika mbili unaendelea. Kinachobadilika ni vitu vya urefu wa mkono. Mwanzoni kabisa mwa Alyx kuna kalamu za wino mnene na dirisha, unaweza kuandika kwenye kioo, na nilipoteza nusu saa pale nikichora. Hata kujaza risasi ni kazi ya viganja: toa magazini, peleka mkono nyuma ya bega uchukue nyingine kwenye begi la mgongoni, chomeka, vuta. Ukiwa mtulivu ni sekunde mbili. Adui akiwa anakuja, vidole vinakosea, magazini inaanguka, unainama kuiokota. Hofu ya Alyx na hofu yangu ziko kwenye kidole kilekile.

Nina malalamiko pia, na siyafichi kwa sababu naipenda kazi hii. La kwanza ni hotuba. Kwenye skrini mwandishi ana kamera, anaweza kunionyesha uso wa anayezungumza na machozi yake. Kwenye miwani kichwa ni changu. Mhusika anaeleza kifo cha mwanawe na mimi, bila nia mbaya, nimeinama naangalia kama droo ya meza inafunguka. Waandishi wengi wa VR bado wanaandika kana kwamba nimefungwa kitini. Dawa yao ni kunifungia kwenye chumba mpaka hotuba iishe, na hakuna kitu kinachoniua hamu kama hicho. Anayejua kazi hii ananipa kitu cha kushika wakati ananisimulia, au anasubiri nimtazame ndipo aendelee.

La pili ni sauti. Alyx anazungumza, na sauti inatoka mahali pa kinywa changu. Kwenye runinga Arthur Morgan akizungumza ni sawa, namwona yuko pale. Ndani ya miwani nilishtuka mara ya kwanza, na sikuwahi kuzoea kabisa. Wengine hawalioni hili, nakubali.

La tatu linaniuma zaidi: mikono ile haina uzito. Nimewahi kuwa kwenye gemu ambayo mtu anakufa mbele yako na anakunyooshea mkono. Nikaupokea. Vidole vyangu vikapita katikati ya vyake kama moshi. Mtetemo mdogo kwenye pedi ndio uliokuwa mguso wote. Kwenye Brothers sikuwa na mikono mbele ya macho, nilikuwa na kifyatuo tu, na nilimgusa yule kaka zaidi ya nilivyomgusa huyu. Nadhani ni kwa sababu kifyatuo hakikuniahidi ngozi.

Mama yangu hajawahi kushika pedi maishani mwake. Siku moja alinikuta nimekaa na miwani, nanyoosha mkono hewani, akauliza, "Unamshika nani huko?" Nikamkalisha, nikapima lenzi, nikamvalisha, nikamwekea Moss.

Moss ni ya mwaka 2018. Shujaa wake ni Quill, panya mdogo wa kike mwenye upanga, anayekwenda kumwokoa mjomba wake. Wewe hauko ndani yake. Wewe ni Msomaji, umeketi juu ya dunia yake kama mtu aliyeinamia meza, na ukichungulia majini unaona uso wako mwenyewe umevaa kinyago. Kwa kuwa wewe hutembei, tumbo halina la kulalamikia. Ndiyo maana nilimchagulia. Quill anakuzungumzia kwa ishara za mikono, lugha ya alama ya Marekani. Anakuonyesha njia. Akifanikiwa anainua kiganja mgonge. Akijeruhiwa, unampitishia mkono, unamshika, anapona.

Nilikuwa nikimwona mama kwenye runinga. Hakusogea kwenda popote. Alikuwa ameinama mpaka kifua kinagusa magoti, pua yake karibu na yule panya.

"Kananiangalia," akasema.

"Eeh, mama. Kanajua upo."

"Kanaitwaje?"

"Quill."

Akanyoosha mkono, kwa namna mtu anavyoufikia uso wa mtoto aliyelala, akampapasa kichwa kwa kidole. Alikaa hivyo muda mrefu. Sikumwambia kwamba kuna mlango wa kufungua.

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Vitufe vilimsumbua, mapigano yalimchosha, alishindwa mara nyingi, lakini hakutaka nimsaidie. "Niache, mwanangu, nitampitisha mwenyewe." Aliloliweza upesi ni kuponya. Quill akipigwa mara moja tu, mkono wa mama ulikuwa umeshafika. Kwa wiki karibu tatu nilisikia sauti yake kutoka chumba kile, anampa pole, anamwambia asubiri, anamwambia pita huku.

Alipoimaliza alivua miwani, alama za sponji zimemchora mashavuni, akaishika mapajani.

"Sasa akiumia nani atamtibu?"

Nikamwambia ipo sehemu ya pili, Book II, imetoka mwaka 2022. Akanirudishia miwani mikononi, akaniambia niitafute.